Udongo Usiokaangwa

Jina la Kiguu na Njia alipewa na shangazi yake, akiwa bado hajajua hata kufunga kamba za viatu. Alitumwa chumvi duka la pale karibu. Chumvi alirudi nayo, lakini alirudi pia na habari za ugomvi wa nyumba ya jirani, kuku asiye wao na kiatu kimoja. Shangazi akamtazama miguu, akamtazama kuku, akasema, "Haya, Kiguu na Njia amefika." Jina likamganda, na jina la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti tu.

Baba yake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na watu walisema magurudumu ya baba yamehamia kwenye nyayo za mtoto. Mama alifariki mapema. Shangazi, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyemchukua na kumlea kama wa kumzaa, katika vyumba viwili vyenye ua mdogo wa nyuma. Shuleni, mwalimu wa hesabu alimketisha mstari wa mbele ili amwone vizuri, kisha akamrudisha nyuma kabisa ili asimwone. Kuna ile methali ya haraka ambayo kila mtu anaijua. Kiguu aliambiwa methali hiyo na walimu, na majirani, na kondakta, hata na daktari wa meno akiwa amempanua mdomo. Alipokuwa mtu mzima aliweka sheria: anayetaka urafiki naye asiitamke.

Kazi alizipitia kama mtu apitaye vituo. Fundi cherehani alimwambia, "Mikono unayo mwanangu, lakini makalio yako hayajapatana na kiti." Kwenye saluni hakuweza kungoja dawa ikolee kichwani mwa mteja, aliiosha kabla ya wakati, na bibi harusi akatoka nusu ya nywele zimelala na nusu zimesimama dede. Duka la vifaa vya ujenzi alilipanga upya kila asubuhi mpaka mwenye duka mwenyewe akawa anaulizia misumari iko wapi. Na kila kazi ilipoharibika, Kiguu hakungoja kufukuzwa. Alichukua mkoba wake akapita mlango wa nyuma. Alikuwa hodari sana wa milango ya nyuma.

Kazi iliyomkalia vizuri aliipata alipokuwa amekaribia miaka thelathini: mkaguzi wa majani kwenye shamba kubwa la maharagwe machanga, lililo mwendo mfupi kutoka kwao. Kazi yenyewe ilikuwa kutembea. Unaingia kwenye tuta, unainua jani, unalielekeza kwenye jua, unalitazama kwa chini kama mtu anayekagua noti, kisha unasonga. Alichokuwa akikitafuta ni mistari myeupe iliyopindapinda ndani ya jani, kana kwamba mtoto amechezea kalamu. Ile ni kazi ya nzi mdogo kuliko punje ya ufuta, mchimba majani. Mama nzi hutoboa jani na kuacha yai ndani. Yai huwa funza. Funza hula nyama ya jani huku akichimba njia kati ya ngozi ya juu na ya chini, na njia inapanuka kadiri anavyonenepa. Ukiliweka jani kwenye mwanga, unamwona mwenyewe mwishoni mwa njia, wa njano, anakwenda. Hatulii. Kiguu alimpenda tangu siku ya kwanza, ingawa alilipwa kwa kumchukia.

Mwaka ule nzi walizidi. Majani ya maharagwe yaligeuka kama ramani, na mtaalamu wa wadudu wa shamba, mama mmoja mrefu mwenye miwani ya kamba ambaye wafanyakazi walimwita Daktari akiwapo na Bibi Wadudu akiwa hayupo, alianza kuwa na maswali. Nyuma ya shamba, kati ya ua wa waya na mtaro, palikuwa na ukingo mpana ulioachwa ujiotee wenyewe: mchunga, mnavu, na mimea mingine ya porini. Majani ya mchunga pale yalikuwa na mistari myeupe pia. Meneja alitaka ukingo wote upigwe dawa ukauke. Daktari akamwambia asubiri kwanza ijulikane kama anayechimba mchunga ndiye yule yule anayechimba maharagwe.

"Kiguu," Daktari akamwita, "wewe una jicho. Nataka uniwekee majani ya ukingoni kwenye chupa, tungoje watoke tuwaone sura."

"Tungoje?"

"Ndiyo. Ungoje."

Moyo ulimwenda mbio, na si kwa sababu ya kungoja peke yake. Ukingo ule ulikuwa shamba la shangazi. Hakuna aliyempa, na hakuna aliyemkataza. Kila asubuhi shangazi alikwenda na kikapu na kisu chake kidogo, akachuma mchunga na mnavu, akafunga mafungu, akayauza mezani mbele ya nyumba. Zamani aliuza vitu vingi, alikwenda mbali. Sasa goti lilikuwa limegoma, na ukingo ndipo mahali pa mwisho ambapo goti lilikubali kumfikisha. Ukikauka ule, shangazi angekuwa mtu wa kukaa kitandani akingoja kuletewa, na Kiguu alijua kwamba hicho ndicho kitu pekee duniani ambacho shangazi alikiogopa.

Chumba cha chupa kilikuwa kibanda cha mbao chenye dirisha moja, meza ndefu na kiti. Utaratibu wa Daktari ulikuwa hivi: chini ya chupa udongo laini, juu yake majani, mdomoni kipande cha soksi nyembamba ya kike kilichofungwa kwa mpira, ili hewa iingie na nzi asitoke. Udongo ni wa lazima kwa sababu yule mchimba wa maharagwe, akishashiba, hutoboa jani, hudondoka chini, na kujizika udongoni ndani ya kifuko kigumu mpaka aote mabawa. Na udongo wenyewe lazima ukaangwe kwanza juu ya bati, kama karanga, mpaka utoe moshi. "Ili tuwe na hakika hauna kitu," Daktari alisema.

Siku ya kuweka majani ilinyesha manyunyu. Kuni zilikuwa mbichi, moto ukawa unalia tu bila kuwaka, na majani ya mchunga yalianza kulegea kwenye beseni. Kiguu alizunguka kibanda, akapuliza moto, akazunguka tena, akalaani kuni, akalaani aliyezikata. Kisha macho yake yakaangukia tuta la maharagwe pale mlangoni. Chini ya mashina udongo ulikuwa mkavu, mwororo, kama unga. Akachota, akauchekecha kwa chujio, akajaza chupa. Udongo ni udongo, alijiambia. Mdudu gani atabaki baada ya chujio?

Basi akaanza kungoja, na alikuwa mngojaji mbaya kuliko wote. Alikaa kitini akainuka. Alihesabu mbao za ukuta. Aliigeuza chupa mpaka Daktari akamkemea kwamba huyo ni nzi anayelelewa, si maziwa yanayotafutwa siagi. Nyumbani shangazi alimtazama akipita ukumbini kwenda jikoni na kurudi, akamwuliza, "Sakafu hiyo imekukosea nini?"

"Nawaza nzi, shangazi."

"Mimi nimewafukuza nzi maisha yangu yote. Mwanangu amesoma mpaka akaajiriwa kuwangoja."

Asubuhi moja alipofungua kibanda, walikuwa wametoka. Nzi wadogo walitembea ndani ya vioo, weusi mgongoni, na doa la njano mabegani. Daktari aliwaweka chini ya hadubini, akawalinganisha na wa maharagwe. Mwishoni alivua miwani. "Ndio wao. Hao hao."

Kufikia jioni meneja alikwishatoa amri: ukingo wote, kesho.

Kumwambia shangazi kulikuwa kazi. Kiguu alilianza jambo akaliacha, akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, mpaka shangazi akasema, "Lete. Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Taga."

Akamwambia. Shangazi alikuwa akifunga mafungu ya kesho. Alimaliza fungu lililokuwa mkononi, akalikaza uzi, akaukata kwa meno.

"Ni wewe uliyewaona hao nzi?"

"Ni mimi."

"Basi kama ni kweli ni kweli," shangazi akasema. "Siwezi kukwambia ufumbe macho kwa ajili ya goti langu." Lakini mafungu mengine hakuyafunga. Aliyaacha pale sakafuni, mboga zikilala ovyo, jambo ambalo Kiguu hakuwahi kuliona katika nyumba ile.

Asubuhi yake alikwenda kuosha chupa. Kibanda kilinuka majani yaliyochacha. Akatoa jani la kwanza la mchunga ili alitupe, na mkono wake, uliozoea, ukaliinua kwenye dirisha bila kumwuliza mwenyewe. Njia nyeupe ilipinda, ikapanuka, ikafika mwisho. Na pale mwisho, ndani ya jani, chini ya ngozi, kulikuwa na kifuko. Kizima. Hakikutobolewa. Akachukua la pili. Kizima. La tatu, la chupa nyingine: kizima, kimelala mwishoni mwa njia yake kama mtu aliyejifunika shuka gubigubi.

Akasimama. Mchimba wa mchunga, kumbe, hajiziki udongoni. Analala humo humo ndani ya jani. Na wote walikuwa bado wamelala. Sasa, kama watoto wote wako kitandani, wale waliokuwa wakicheza uani ni watoto wa nani?

Macho yake yakashuka kwenye udongo wa chupa, kisha yakatoka mlangoni mpaka kwenye tuta la maharagwe, pale alipochota. Vifuko vya mchimba wa maharagwe vilikuwa ndani ya ule udongo tangu mwanzo, vidogo vya kupita kwenye chujio lolote. Aliwaleta mwenyewe. Aliwachota, akawachekecha, akawafungia kwa soksi, akawangoja, akawapokea kama wageni.

Mkoba wake ulikuwa umening'inia msumarini. Aliutazama. Hakuna aliyejua. Nzi walionekana, ripoti ilikwenda, na yeye angeweza kuuvaa ule mkoba, akapita lango la nyuma kama alivyopita milango yote ya nyuma ya maisha yake, akaenda kutafuta kazi nyingine. Aliuvaa. Kwa kweli aliuvaa, akatoka, miguu yake ikaelekea lango la nyuma kama punda anayejua njia ya nyumbani.

Lakini lango la nyuma lilifungukia ukingoni, na ukingoni alikuwapo Kobe.

Kobe alikuwa mpiga dawa wa shamba. Aliitwa hivyo kwa sababu ya pipa la dawa alilobeba mgongoni, na kwa sababu nyingine ambayo mtu yeyote aliyewahi kumtuma aliijua. Alikuwa amevaa ovaroli nyeupe na barakoa, anatikisa mpini wa bomba taratibu, na nyuma yake kipande cha ukingo kilikwisha kuloana na kunuka.

"Kobe! Acha!"

Kobe akageuka, jambo lililochukua muda. Akashusha barakoa. "Wewe nawe unakimbilia wapi na mkoba asubuhi yote hii? Umefukuzwa?"

"Bado. Acha kupuliza. Si wao."

"Si wao nani?"

"Nzi. Nilikosea mimi. Acha kwanza, nakuomba, ndugu yangu."

"Amri imetoka ofisini, Kiguu. Mimi na wewe si ofisi." Akamtazama usoni, akaona kitu ambacho hakukizoea: Kiguu amesimama. Amesimama kabisa, katikati ya michunga, miguu yote miwili chini. Kobe akakohoa. "Lakini bomba hili linakaribia kwisha. Itanibidi nirudi nikachanganye jingine. Na mimi nikichanganya dawa, unanijua. Hata mvua hukata tamaa ikaenda kunyesha kwingine."

"Mungu akubariki."

"Sasa si ndiyo ukimbie? Siku zote unakimbia bila sababu, leo una sababu umesimama kama nguzo."

Akakimbia. Daktari alikuwa ofisini, ameinamia majani ya maharagwe. Kiguu alisimama mlangoni akihema, na maneno aliyoyapanga njiani yakampotea yote isipokuwa machache.

"Daktari, udongo sikuukaanga."

Daktari aliinua kichwa. "Rudia."

"Nilichota chini ya maharagwe. Kuni zilikuwa mbichi."

"Na ulimi wako, nao ulikuwa mbichi? Ulishindwa kuniambia?"

Kiguu akaweka majani ya mchunga mezani. Daktari aliyatazama kwenye mwanga, moja baada ya jingine, bila haraka, na Kiguu alikuwa akibadilisha mguu wa kusimamia kana kwamba sakafu ina moto. Halafu Daktari akachukua simu, akamwambia mnyapara asimamishe dawa ukingoni mpaka atakapopigiwa tena. Akaiweka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi kwa hasira.

"Jana nimesimama mbele ya meneja nikamwambia nina hakika. Unajua kitu hicho? Hakika. Sasa nikamwambie nini?"

"Mwambie ni mimi."

"Nitamwambia ni chumba changu. Wewe nenda kawashe moto."

Meneja alikasirika, lakini alikubali wasubiri chupa za pili zitoe. Masharti yake aliyasema wazi, mlango ukiwa wazi, ili kila mtu asikie: wakitoka wale wale, ukingo unakauka wote na mkaguzi anatoka getini. Na mpaka hapo, asionekane mtu wa kuchuma mboga pale, dawa ikiwa imekwisha kupigwa upande mmoja.

Safari hii Kiguu aliukaanga udongo mpaka wafanyakazi wa kufungasha wakaja kuuliza kuna kitu gani kinaungua. Daktari alisimama pembeni, mikono kifuani. Kisha akamwekea chupa moja ya ziada, yenye udongo mtupu, bila jani hata moja. "Hii ikitoa nzi," akasema, "mimi naacha kazi naenda kuuza mitumba."

Kungoja kwa mara ya pili kulikuwa kubaya zaidi, maana sasa nyumbani walikuwa wawili. Shangazi, aliyekatazwa ukingo, aligeuka kiumbe ambaye Kiguu hakuwahi kumwona. Alifagia ua uliofagiwa. Alinoa kile kisu kidogo mpaka kikawa kama sindano. Walipishana mlangoni, mmoja akienda jikoni bila haja, mwingine akirudi bila kitu mkononi, fimbo ya shangazi ikigonga sakafu, ko, ko, ko.

"Shangazi, pumzisha goti."

"Goti nilipumzishe kwani limefanya kazi gani? Tafadhali, usinifundishe kukaa. Wewe!"

Mteja alipita akauliza mchunga. Shangazi alimjibu kwamba mchunga umeingia hospitali, vipimo bado.

Kibandani, Kiguu alikaa kwenye kiti. Alipoona anataka kuinuka, alishika ubao wa kiti kwa mikono miwili, kama mtu aliye kwenye lori. Alivitazama vile vifuko ndani ya majani. Wakati mwingine alidhani vimecheza. Aliwaza kwamba mle ndani kuna kitu kinachotaka kutoka kama yeye anavyotaka kutoka, ila chenyewe kinajua kwamba wakati bado, na alikionea wivu. Kisha wazo baya likaja: je, itakuwaje hata wa ndani ya jani akitoka na doa la njano? Wazo hilo halikukaa mahali pamoja. Lilimzunguka.

Siku moja halikuvumilika. Aliachia kiti, akatoka, akaenda mpaka ukingoni. Upande uliopigwa dawa ulikuwa wa kahawia, majani yamejikunja kama vidole vya mzee. Upande mwingine michunga ilikuwa imerefuka kwa kukosa mchumaji, mingine imetoa maua. Kobe hakufika mbali ile asubuhi. Angekuwa mpiga dawa mwingine yeyote, pasingebaki hata unyasi. Alisimama pale kidogo tu, kadiri ya kuvuta pumzi, akarudi.

Mlango wa kibanda ulikuwa wazi, na Daktari alikuwa amekaa kwenye kiti chake, pua imegusa chupa.

"Nyamaza," Daktari akasema bila kugeuka. "Ametoka."

"Ametoka? Sasa hivi?"

"Umekesha na mjamzito siku zote hizi, ukaenda kunywa maji mtoto akazaliwa. Mkunga gani wewe?"

Kiguu akapiga magoti sakafuni. Jani la mchunga lilikuwa na tundu dogo mwishoni mwa njia, na kando yake alisimama nzi mmoja, mabawa bado yamekunjamana, akijinyoosha. Alikuwa wa kijivu. Mgongo wa kijivu, mabega ya kijivu. Walilitafuta doa la njano mabegani, mmoja upande huu wa chupa na mwingine upande ule, hawakuliona.

"Si yeye," Kiguu akanong'ona.

"Si yeye." Daktari alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya udongo. "Na ile ya udongo mtupu?"

Tupu. Hakuna kilichotembea.

Kiguu alikuwa amekwisha kufika mlangoni. "Nakwenda kumwambia shangazi!"

"Kaa! Huyo ni mmoja. Nataka wote. Siendi tena kwa meneja na neno 'hakika' mpaka jani la mwisho liwe wazi."

Akarudi. Akakaa. Na huko ndiko kukaa kulikomshinda kuliko kote, kukaa na habari njema mdomoni kama mtu aliyejaza maji asiruhusiwe kumeza wala kutema. Lakini alikaa. Walitoka mmoja mmoja, wote wa kijivu. Kwenye kifuko kimoja hakutoka nzi kabisa, bali kinyigu cheusi, chembamba kama koma, kilichokuwa kimemla mwenye nyumba humo ndani. Daktari alimweka kinyigu huyo kando peke yake, akamtazama sana, akasema ana maswali naye siku nyingine. Huenda anakula na wale wa maharagwe pia, na huenda yumo ukingoni kwa wingi, nao walikuwa wanataka kuukausha. "Huenda," akarudia, akimnyoshea Kiguu kidole. "Sikusema hakika."

Jani la mwisho lilipofunguka, Daktari alikwenda kwa meneja, akakaa huko, akarudi. "Ukingo unabaki. Upande ule wa dawa usiguswe mpaka uote upya. Nenda."

Kiguu alichukua mkoba wake msumarini na kupita lango la nyuma kwa mbio zake za kawaida. Kobe alikuwa mtaroni anaosha bomba. Alipomwona alifungua mdomo, macho yakimcheka.

"Unajua, Kiguu, kuna ile methali..."

"Imeze!"

Nyumbani alimkuta shangazi mlangoni, fimbo mkono mmoja, kikapu mkono wa pili, kisu ndani ya kikapu, kanga ya kichwani imefungwa vizuri kama ya mtu aendaye safari.

"Umesimama hapo tangu lini?"

"Sijasimama. Nakaribia kutoka." Shangazi alimtazama usoni, na hakuuliza kitu, alikuwa amemlea. Aliteremsha fimbo kwenye kipandio cha kwanza. "Mchunga mrefu?"

"Mrefu. Mwingine umetoa maua."

"Umeona! Mnakaa mnangoja nzi, mboga zinakomaa." Akateremka kipandio cha pili. "Nishike mkono basi. Na usinikimbize."

Kiguu akamshika mkono. Wakatoka getini, na kabla hawajafika kona, ilikuwa fimbo inayovuta na Kiguu anayesema polepole, shangazi, polepole.